Shahidi wa Utetezi

Mtaani walimwita Fundi, basi, kana kwamba hakuna fundi mwingine duniani. Alikuwepo fundi saa, alikuwepo fundi viatu, na alikuwepo fundi bomba mmoja ambaye kila akigusa bomba lilizidi kuvuja. Lakini ukisema "peleka kwa Fundi", kila mtu alijua unamsema yule mwanamke mrefu mwenye chumba cha kushonea mkabala na posta. Alishona magauni, sketi, sare za shule na nguo za maharusi. Suruali na makoti ya wanaume hakushona. Mwanaume akiingia na kitambaa chake alielekezwa mtaa wa pili, kwa adabu lakini bila mjadala. Wapo waliosema ana maringo. Wapo waliosema aliachwa na mchumba akaapa. Hakuna hata mmoja aliyekaribia ukweli.

Yalikuwepo na mengine, yale mambo madogo ambayo watu humzoea nayo mwenzao bila kuyauliza. Cherehani yake ilitazama mlango, ingawa mwanga mzuri uliingia kwa dirisha la nyuma. Na hospitali hakukanyaga. Mwaka mmoja sindano ya cherehani ilimpenya kidole cha shahada ikakatikia ndani. Alijifunga kitambaa akaendelea kushona. Mdharau mwiba mguu huota tende: kidole kilivimba, kikawa cheusi, hadi mdogo wake alipokuja kumkokota mpaka zahanati. Mlangoni tu, harufu ya spiriti ilipompiga puani, alianguka chini kama gunia. Kidole kilipona kikiwa kimekakamaa, hakikunjiki tena.

"Dada, unaogopa sindano wewe unayeshinda na sindano?" mdogo wake alimtania.

Fundi alicheka. Kucheka mahali pa kulia alikuwa amejifunza mapema.

Basi, Jumatatu moja asubuhi huyo mdogo wake aliingia dukani na kitambaa cha buluu mkononi na binti yake nyuma. Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja, na walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata usingizini, mama yake alisema, alikuwa anamaliza mazungumzo ya mchana. Kwa ajili yake mdogo wa Fundi aliitwa Mama Chiriku.

"Mama mkubwa, nimechaguliwa!" Chiriku alianza hata kabla ya kuamkia. "Shikamoo. Shule kubwa, ina maktaba, ina maabara, na sare yake ina mikunjo kumi na miwili, nimeihesabu, na nitakaa kwa babu Daktari!"

Fundi alikuwa ameshatandaza kitambaa mezani, chaki sikioni, mkasi mkononi. "Atakaa wapi?"

"Kwa baba mdogo," alisema Mama Chiriku, uso ukimeremeta. "Shule iko hatua chache kutoka dukani kwake. Amejitolea mwenyewe, hata sikumwomba. Anasema chumba kipo, kile cha nyuma ya duka."

Mkasi ulikwenda. Ulikata katikati ya kitambaa, ukavuka mstari wa chaki, ukatoka upande wa pili.

"Dada! Umekata!"

Miaka kumi na mitano ya kushona, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza la namna hiyo. Aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Akamwambia Chiriku atoke nje kidogo. Kisha akasema, "Hawezi kwenda kule."

"Kwa nini?"

"Hawezi tu."

"Tangu baba afariki, ni nani aliyetushika mkono? Nani aliyemwezekea mama nyumba? Leo mtu huyohuyo anataka kumsomesha mwanangu, wewe unaniambia hawezi tu?" Mama Chiriku alikunja vipande vya kitambaa kwa hasira. "Kama ni wivu wa kutozaa, dada, sema."

Akaondoka. Fundi alifunga duka, na siku mbili hakulifungua.

*

Huyo baba mdogo hakuwa daktari. Alikuwa na duka la dawa, lakini alikuwa amewachoma watu sindano bila malipo kwa miaka mingi, mpaka mji mzima ukampa udaktari wa heshima. Alikuwa mcheshi. Alijua majina ya watoto wa kila mteja. Mwaka Fundi alipofiwa na baba, akiwa na miaka tisa, ni yeye aliyesimama mbele ya waombolezaji akasema, "Watoto wa kaka yangu ni wanangu." Mama yao alikuwa anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, kutwa mikono majini, na kila likizo binti mkubwa alipelekwa kwa baba mdogo "akasaidie dukani". Kulikuwa na chumba nyuma ya duka, chenye maboksi ya dawa, kitanda cha wagonjwa na harufu ya spiriti.

Jumatano mchana Fundi alikwenda kwa mdogo wake. Alimkuta uani anafua, beseni kati ya miguu, povu hadi viwikoni. Hakukaribishwa, akavuta kigoda akakaa. Akasema. Alisema kwa maneno machache kwa sababu mengi hakuwa nayo: tangu miaka tisa hadi kumi na miwili, kila likizo, chumba kile.

Mama Chiriku hakutoa mikono majini. Povu likaanza kukatika.

"Mbona mimi hakunigusa?"

"Wewe hukwenda."

"Nilitaka kwenda. Nililia nipelekwe, nikajigaragaza. Wewe ulinikataza. Ulisema kuna mbwa."

"Ndiyo."

"Mbwa mweusi, ulisema, anayekula watoto wasiofika miaka kumi. Nilikuwa namwota yule mbwa, dada. Mpaka leo nikipita pale namtafuta kwa jicho." Alisita. Kitu kilikuwa kinamshukia polepole. "Hapakuwa na mbwa."

"Hapakuwa na mbwa."

Mama Chiriku aliinuka, akapiga beseni teke bila kukusudia, akamkumbatia dada yake na maji yake yote na povu lake lote. Walikaa hivyo mpaka nguo zote mbili zikalowa chapachapa.

"Twende polisi," alisema hatimaye.

"Miaka ishirini na mitatu imepita. Nani atanisikiliza?"

"Na Chiriku ana miaka kumi na mmoja. Inuka."

*

Askari wa kaunta alikuwa kijana mwenye meno mazuri na akili ya kuazima. "Ishirini na mitatu!" alishangaa. "Mama, hata maziwa ya kopo yana tarehe ya mwisho."

Mama Chiriku alikuwa tayari ameshavua kiatu. Bahati njema mlango wa ndani ulifunguka, akatoka afande wa kike, mtu mzima, miwani imening'inia shingoni. Alimtazama kijana mara moja tu. Kijana akakumbuka ana kazi kwingine. Afande akawachukua hadi chumba cha nyuma, chenye meza, viti vitatu na kabati lisilofungika. Fundi aliposita mlangoni, afande hakuuliza. Alirudi akaegemeza kiti kwenye mlango ili ukae wazi.

"Ukichoka tunapumzika," alisema. "Mimi sina haraka."

Iliwachukua saa tatu. Afande aliandika kwa mkono, taratibu, na kila ukurasa alimsomea. Mwishoni akauliza, "Wakati ule, kuna mtu yeyote uliyemwambia?"

"Mama."

"Akasemaje?"

"Alinizaba kofi. Akanipa maji ya chumvi nisukutue, akasema mdomo wangu umechafuka." Fundi alikuwa anakikanda kile kidole kilichokakamaa. "Tangu hapo sikusema tena kwa mtu."

Afande aliweka kalamu chini. "Sikiliza, mwanangu. Majeraha ya miaka hiyo daktari hawezi kuyaona. Chumba kile kimeshapakwa rangi mara kumi. Huyo mama yako ndiye kesi yako."

Kwa hiyo alikwenda kwa mama. Mama alikuwa anaishi katika nyumba ileile, chini ya mabati yaleyale ya baba mdogo, na mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa miaka ya sabuni. Alimsikiliza binti yake huku anachambua maharage, anatupa mabovu upande.

"Sikumbuki," alisema.

"Mama, ulinipa chumvi."

"Watoto wote wanasukutua chumvi wakiumwa meno."

"Sikuwa naumwa meno."

"Nimesema sikumbuki!" Sasa alikuwa anatupa hata maharage mazima. "Unataka nini? Unataka nife kwa aibu? Huyu mtu ametulisha!"

Fundi aliinuka akaondoka. Njiani alijisemea kwamba hakuna jipya: hakuaminiwa siku ile, na hakuaminiwa leo.

*

Habari ya polisi haikai mfukoni. Jumapili ukoo uliitana sebuleni kwa mama. Shangazi ndiye aliyeshika usukani. Huyu alikuwa dada mkubwa wa baba yao na wa huyo Daktari, mwanamke mwenye sauti ya kuamshia kijiji. Baba mdogo naye alikuja, shati jeupe limepigwa pasi, na ile harufu yake ya spiriti na peremende ikaingia sebuleni kabla yake.

"Mwanangu," alisema kwa upole mkubwa, akikaa karibu na Fundi kuliko ilivyohitajika. "Nani amekulisha maneno haya? Kama nilikukosea utotoni, labda nilikuchapa, labda nilikunyima pipi, niambie mbele ya wazee nikuombe radhi. Mimi nikiombwa radhi natoa, nikidaiwa radhi nalipa."

Watu wawili watatu walicheka kidogo, kwa kuwa walizoea kumcheka. Fundi alitaka kujibu. Alifungua mdomo, harufu ikamjaa kooni, akakimbilia uani akatapika ukutani.

"Kumbe mjamzito!" shangazi alipaza sauti nyuma yake. "Ndiyo maana!"

Aliporudi, anajifuta mdomo, shangazi alibadili mbinu akawa mpole. "Mwanangu, haya mambo ni ya kufunika kombe mwanaharamu apite. Huyu ni damu yako. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Halikuli likakwisha, shangazi," alisema Fundi. "Lakini linakula."

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alitazama saa yake. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sinia tupu, hakuingia wala hakutoka.

Wiki ile Daktari alikamatwa, akatoka kwa dhamana siku ya pili, na mji ukagawanyika. Ila mgawanyo haukuwa nusu kwa nusu. Mabibi harusi wawili walikuja kuchukua magauni yao hata hayajatiwa lesi. Mtu aliandika neno chafu kwa mkaa kwenye mlango wa duka, na Fundi akalifuta kwa maji ya sabuni huku watu wa foleni ya posta wanamtazama. Chiriku aliuliza kwa nini haendi tena kwa babu. Mama yake akamwambia ukweli, kwa maneno yanayomfaa mtoto, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Chiriku alinyamaza kutwa nzima. Alitafutiwa nafasi kwenye bweni la shule.

Adhuhuri moja, duka likiwa kavu bila mteja, aliingia mwanamke wa makamo na sketi ya kupunguza. Aliivaa, na Fundi akapiga magoti kuweka pini kwenye upindo.

"Mimi niliuza pale kaunta," alisema yule mwanamke juu ya kichwa chake. "Kwa Daktari. Nilikuwa na miaka kumi na minne."

Fundi aliinua uso.

"Usiinuke. Endelea na pini, tafadhali. Nikikuona uso sitaweza." Alivuta pumzi. "Mahakamani siendi. Mume wangu hajui, na wanangu wakubwa sasa. Nimekuja tu ili ujue huoti. Mimi niliwahi kufikiri naota."

Fundi aliweka pini zote, moja baada ya nyingine, sketi nzima mzunguko, ingawa ilihitaji upande mmoja tu. Mwanamke yule alisema ataifuata Ijumaa. Hakuifuata.

*

Ukitaka kujua uvumilivu ni nini, uwe na kesi. Siku ya kwanza hakimu aliumwa. Siku ya pili faili halikuonekana, na lilipoonekana, wakili wa mshtakiwa alikuwa safarini. Mara nane Fundi alivaa gauni lake la kijivu, akakaa kwenye benchi la korido linalochoma mapaja, akaambiwa njoo mwezi ujao. Kila safari hakula tangu siku iliyotangulia. Mwendesha mashtaka, kijana mwembamba mwenye mafaili mengi kuliko mikono, alimwambia wazi: "Neno lako dhidi ya lake, mama. Hakimu anaweza kukuamini wewe peke yako. Lakini nisikudanganye, ni mlima."

Mwaka na nusu ulipita ndipo alipopanda kizimbani. Alisema yote. Baba mdogo alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwake, mikono juu ya mkongojo ambao hakuwa nao kabla ya kesi, akitikisa kichwa kwa huzuni kila baada ya sentensi, kama mzee anayemsikitikia mtoto mwenye homa.

Wakili wa utetezi alisimama. Alikuwa na sauti ya asali.

"Wewe ni fundi hodari, nimesikia. Unaweza kuchukua kipande hapa na kipande pale, ukaviunga, mtu asione mshono. Si kweli?"

"Kweli."

"Na hii hadithi umeiunga vivyo hivyo."

Fundi alifikiri. "Hapana. Hii ingekuwa kazi yangu, ningeishona vizuri zaidi. Ingekuwa na tarehe zote. Ingekuwa na shahidi aliyechungulia dirishani. Na mimi mwenyewe nisingejiweka ndani yake."

Hakimu, mama mmoja aliyekuwa haonyeshi kitu usoni, aliandika hilo.

Afande naye alitoa ushahidi, na Mama Chiriku akasimulia habari ya mbwa. Wakili aliisukuma kando kwa mkono. Ndoto za mtoto wa miaka minane, alisema. Kisha ukafika upande wa utetezi, na Fundi alipoinua macho kwenye korido asubuhi ile alimwona mama yake anakuja, shangazi amemshika kiwiko. Alidhani wamekuja kusikiliza. Karani akaita jina la mama yake. Shahidi wa utetezi wa pili.

Mama Chiriku alimbana mkono. "Dada, tutoke."

"Hapana. Nitasikia."

Mama aliapa. Alionekana mdogo ndani ya kile kizimba, kama mtu aliyevaa nguo ya dada yake.

"Mama," wakili alianza kwa heshima zote, "wewe ndiye uliyemlea mlalamikaji. Utotoni, alikuwa na tabia ya kusema uongo?"

"Alisema uongo, ndiyo."

Wakili alitabasamu. "Tupe mfano."

"Alimwambia mdogo wake kwa Daktari kuna mbwa."

"Na hapakuwa na mbwa?"

"Hapakuwa. Nilijua hapakuwa. Nami nikamwacha mdogo wake aamini."

"Kwa hiyo alikuwa mwongo."

"Alidanganya kuhusu mbwa," alisema mama.

Wakili alisita kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyolingana na nyingine. Akaendelea, kwa sababu jibu la swali lililofuata walikuwa wamelipanga nyumbani kwa shangazi mara tatu. "Je, katika miaka hiyo yote, binti yako aliwahi kukulalamikia jambo lolote kuhusu mshtakiwa?"

Mama alishika ubao wa kizimba. Alimtazama shemeji yake. Akayashusha macho kwenye mikono yake mwenyewe, ile iliyokunjamana.

"Aliniambia."

"Mama, labda hukunielewa. Nauliza kama—"

"Nimekuelewa, baba. Aliniambia. Ilikuwa Jumapili, ana miaka kumi na miwili, mimi napiga pasi. Alisema baba mdogo anamfanyia mambo ya watu wazima kwenye kile chumba. Nikamzaba kofi. Nikampa maji ya chumvi."

Wakili alisema hana swali lingine, lakini hakimu aliinua mkono.

"Shahidi, kwa nini ulimpiga?"

"Kwa sababu nilimwamini, mheshimiwa." Sauti yake haikupanda. "Kama nisingemwamini ningecheka. Mtoto akisema jambo la uongo kiasi hicho, mama anacheka, anamwambia acha upuuzi. Mimi nilimwamini pale pale, pasi mkononi. Na nyumba yangu ilikuwa imeezekwa upande mmoja, mabati mengine yako kwa huyu bwana, na mvua zilikuwa karibu. Kwake sikumpeleka tena. Watu niliwaambia masomo yamekuwa magumu. Na mabati nikayapokea."

Shangazi aliinuka, akakokota kiti kwa kelele, akatoka. Daktari hakutikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze alikuwa anatazama viatu vyake.

Watu walimpongeza Fundi koridoni. Mwendesha mashtaka alimshika mkono akausahau mkononi mwake. Lakini yeye alitoka nje akakaa kwenye ngazi za mahakama, na alichokisikia ndani mwake hakikuwa furaha. Kwa karibu miaka ishirini na mitano alikuwa amebeba jambo moja la kumpa nafuu: kwamba mama hakujua, kwamba alidhani ni maneno ya kitoto. Juu ya hilo alikuwa amejenga salamu zote, zawadi zote za sikukuu, kila gauni alilomshonea. Kumbe aliaminiwa. Aliaminiwa tangu dakika ya kwanza, akapimwa na mabati, yakazidi uzito. Mama alipotoka na kusimama ngazi mbili juu yake, Fundi aliinuka akaondoka bila kugeuka.

*

Hukumu ilisomwa miezi mitatu baada ya hapo. Hakimu alisoma kwa saa nzima, na mahali fulani katikati alisema kwamba mahakama imemwamini mlalamikaji hata bila mama yake, na kwamba ushahidi wa mama umeondoa shaka iliyokuwa imebaki. Mshtakiwa alipewa kifungo kirefu kuliko umri aliobakiza. Wakati wa kushushwa kizimbani aliuacha mkongojo, akatembea vizuri tu.

Mama Chiriku alipiga kigelegele mpaka askari akamtoa nje. Fundi alirudi nyumbani, akavua viatu, akalala tangu adhuhuri mpaka kesho yake mchana, usingizi mzito kama wa mtoto aliyetoka kuugua. Alipoamka alikula mkate mzima.

Rufaa ilikatwa, ikatupwa. Duka la dawa liliuzwa. Nusu ya ukoo haimsalimii Fundi mpaka leo. Shangazi akimwona barabarani huvuka upande wa pili, na Fundi humwachia njia. Wateja walirudi mmoja mmoja bila kuomba radhi, wanajifanya walikuwa safarini. Afande alimwelekeza kwa mshauri, mwanamama mmoja anayekutana na watu kama yeye kila Jumanne, na mwanzo Fundi alikuwa anakwenda kwa kinyongo, anakaa dakika zote anatazama mlango. Mwenye kovu usidhani kapoa. Hospitali bado anakwenda kwa kusindikizwa, na akisikia harufu ile hushika ukuta. Lakini siku hizi hushika ukuta tu, haanguki.

Mama alihama nyumba ile ya mabati. Hakumwambia mtu sababu. Alifunga vitu vyake akahamia kwa Mama Chiriku, kwenye kitanda cha mjukuu aliyekwenda bwenini. Na Jumamosi moja alitokea mlangoni kwa Fundi, amesimama kizingitini kama mteja asiyejua bei.

"Sikuja kuomba msamaha," alisema. "Nimesikia una kazi nyingi. Vifungo naweza."

"Sijakusamehe, mama."

"Najua."

"Huenda nisikusamehe."

"Najua, mwanangu. Vifungo viko wapi?"

Fundi alimwonyesha kopo la vifungo na rundo la mashati ya shule. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha la nyuma, akaanza. Hawakuzungumza mpaka saa za kufunga. Jumamosi iliyofuata alikuja tena, na nyingine. Wakati mwingine walipiga soga za bei ya uzi, au barua za Chiriku zilizokuwa ndefu kiasi cha kuhitaji mapumziko ya chai.

Jumamosi moja, bila sababu yoyote, bila neno lolote kutangulia, Fundi aligeuka nyuma kutoka kwenye cherehani, akamwona mama yake ameinama anakata uzi kwa meno, na hasira ikampanda tangu nyayo mpaka utosini.

"Toka," alisema. "Toka dukani kwangu. Sitaki kukuona."

Mama alichomeka sindano kwenye kitambaa chake, akakunja shati, akaliweka juu ya rundo. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi, alirudi.